Dakika Moja Mbele Yetu

Tulimwita Pasi kwa sababu mashine ya kunyooshea mashuka ilikuwa yake peke yake, na ole wako uiguse. Ilikuwa kubwa kama kitanda cha watu wawili. Shuka la hospitali liliingia upande huu limejikunja kama karatasi ya kutupa, likatoka upande wa pili limenyooka na lina joto la kuunguza vidole. Mimi nilikuwa wa mataulo, meza ya pili kutoka mlangoni. Tuliingia kazini saa kumi na moja alfajiri, tukatoka saa nane mchana, tukapanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwenye chumba chetu chenye vitanda viwili, dirisha moja na jiko la umeme lililokuwa na tabia ya kuzima lenyewe. Miaka sita nimeishi na yule mwanamke. Nalijua jino linalomsumbua, na mambo ya kwao nayajua kuliko ya kwetu, maana ya kwao yalizungumzwa kwenye spika ya simu kila siku.

Jumatatu hadi Ijumaa kwao kulikuwa na tamthilia saa moja jioni, ambayo huku kwetu ugenini ni saa kumi alasiri. Pasi akishaoga na kuvaa gauni lake la nyumbani, anaiegemeza tableti kwenye mto na kuanza kuhangaika na kituo chao. Kituo hicho hakikutaka watu wa nje. Ukikifungua kinakuambia kipindi hakipatikani mahali ulipo, kwa herufi kubwa, kama askari wa getini. Kijana wa duka la simu hapo chini alimwekea programu ya kuuhadaa mtandao uamini kwamba tumekaa kwao. Ikishakubali, Pasi anachukua simu yake nyingine, anampigia mama yake, anaweka spika, na hapo tunaangalia wote: mama kule sebuleni kwake, kwenye televisheni kubwa ya ukutani aliyonunuliwa na binti yake, na sisi huku juu ya kitanda.

Sasa, picha inayopita mtandaoni hufika imechelewa. Aliyewahi kuishi mbali na kwao analijua hilo. Yetu ilichelewa kama dakika moja, siku mbaya hata zaidi. Kwa hiyo mama alikuwa mbele yetu siku zote. Sisi bado tunamwona yule mkwe mwenye visa akipanda ngazi na sinia la chai, mama kule ameshaguna na kusema, "Kamwagia. Kamwagia yote." Pasi anamlalamikia, Mama jamani, usituharibie, mama anacheka, na sisi tunakaa kumsubiri mkwe afike juu aimwage chai ambayo kwa mama imeshakauka. Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikazoea kuambiwa yajayo, na siku ambazo mama alikuwa na mafua akanyamaza, kipindi hakikunoga.

Pasi alikuwa anarudi kwao. Hili si jambo alilolisema juu juu kama tunavyosema wengine. Alikuwa ugenini mwaka wa tisa, na mwanzoni mwa mwaka huo alimwambia msimamizi mkataba wake ukiisha hataweka sahihi tena. Msimamizi alimsihi. Pasi akakataa. Kwao kulikuwa na nyumba aliyoiacha baba yao, ya vyumba vitatu, na yeye kwa jasho lake akaongeza cha nne huko nyuma, dirisha likitazama tangi la maji. Vigae vya sakafu alivichagua kwenye simu, huku fundi akivinyanyua kimoja kimoja mbele ya kamera. Hajawahi kulala katika chumba hicho hata usiku mmoja. Lakini kila kipindi kikiisha, kabla ya kuagana, mama yake alimwambia, "Leo nimekifagia chumba chako, mama." Pasi akilisikia hilo alilainika mwili mzima. Ungemwomba hata ile mashine yake angekupa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mkwe alimzaba mumewe kofi mbele ya wageni. Mimi na Pasi tulicheka hadi tukashikana mabega. Tulipotulia nikagundua kwamba kwenye simu kumekaa kimya. Mama hakusema kitu. Wageni wa kwenye tamthilia wakaanza kuondoka, mume akaingia chumbani, na ndipo ndani ya simu, kwa mbali, tukalisikia lile kofi. Mama akasema, "Kamzaba."

Pasi aliitazama tableti, akaitazama simu. Mimi nikasema ni mtandao. Jumatano ikawa hivyohivyo: sisi mbele, mama nyuma. Alhamisi vilevile. Miaka yote niliyomjua, mama huyu hakuwahi kutufuata. Sasa alikuwa anakuja nyuma yetu kama mtu aliyepitwa na gari.

Kwa hiyo Pasi akamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Mama, televisheni imeharibika? Unaangalia kwenye simu?"

"Iharibike kwa nini," mama akasema. "Ipo palepale ukutani. Naiangalia hapa, picha safi."

Hapo ndipo alipokosea, Mungu amsamehe. Angesema imeungua, imeibiwa, king'amuzi kimekufa, yangeisha, na Pasi angeshaanza kuulizia bei ya nyingine. Lakini mama alikuwa amefundishwa kusema kila kitu kipo kama kilivyokuwa, na somo alilishika barabara. Hakujua kwamba televisheni ya ukutani na ya mtandaoni hazitembei pamoja. Nani angemwambia? Hata aliyemfundisha hakujua.

Mimi sina subira ya kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia Pasi palepale, "Mama yako hayuko nyumbani kwake." Alininunia siku nzima. Kesho yake aliyaingiza mashuka kwenye mashine kama anayagombeza. Lakini nilijua neno langu limeingia, kwa sababu jioni alianza kuuliza maswali madogo madogo. Mama, hebu niwashie kamera nikuone. Kamera iliingia maji. Mama, ilikuwa imeingia maji tangu mwaka jana, haijapona? Bado. Basi Mama, nifungulie ule mlango wa nyuma nisikie unavyolia, nimeukumbuka. Ule mlango wa chuma, fundi aliukosea kipimo, ukifunguliwa unakwaruza sakafu hadi meno yanauma. Mama akasema miguu inamuuma, atafungua kesho. Nyuma yake mtoto akalia, na mwanamke akamwambia mtoto anyamaze, bibi anaongea na shangazi.

Pasi aliifahamu sauti hiyo. Ilikuwa ya wifi yake, mke wa mdogo wake, kitinda mimba wa familia. Huyu mdogo mtu alikuwa na jina la babu yao, kwa hiyo mama alimwita Baba, na akalelewa kama baba wa watu, wa kuulizwa kila jambo, na yeye haulizi mtu. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga upande mwingine wa mji. Wifi alikuwa anafanya nini sebuleni kwa mama, jioni, siku ya kazi? Pasi alisema labda wamekwenda kumtembelea. Kuna wakati hata mimi hujua kufunga domo.

Jumamosi alimpigia fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba yao. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yao na Pasi alimwita Baba mdogo. Wakasalimiana vizuri, habari za huko, habari za kazi. Kisha Pasi akamwomba atoe kichwa dirishani amwambie kama mama yupo barazani. Sauti ya cherehani ikakoma.

"Mwanangu," akasema, "kwani hujui?"

Nyumba ilikuwa imeuzwa. Miezi minne sasa. Wenyewe wapya walishaipaka rangi ya kijani. Mdogo wake alikuwa ameuambia mtaa mzima kwamba dada ameridhia, kaandika na barua, huko aliko ana maisha yake. Mtaa ukamsifu Pasi kwa moyo mkubwa. Fundi alisema alikuwa na nia ya kumpigia ampongeze, shughuli tu zikamzuia. Alisema pia kwamba mama alihama na televisheni yake ya ukutani, na Jumatatu hiyo mdogo mtu alipita mtaani akiitafutia nayo mnunuzi. Pasi akauliza kuhusu chumba cha nyuma. Fundi hakutaka kusema, akasema, wamefugia kuku.

Nilimwona mwenzangu amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, anaviangalia viganja vyake ambavyo moto wa mashuka umevipausha. Nilidhani atalia. Hakulia. Alianza kupanga. Jumamosi yote na Jumapili yote alikuwa anamtengenezea mama yake utetezi. Ni yule kitinda mimba. Kamlaghai mama. Kampelekea karatasi akamwambia ni za maji au za umeme, mama macho hayaoni vizuri, akaweka sahihi bila kujua. Au hakuweka kabisa, wameighushi. Kisha wakamhamishia kwao na kumfunga mdomo. Mama ni mateka. Alilirudia neno hilo, mateka, na kila alipolirudia alipata nguvu kidogo. Alisema atarudi mapema zaidi, atafungua kesi, atamtoa mama pale. Alimtukana mdogo wake matusi ambayo sikujua anayajua, nami nikamsaidia kwa yale niliyokuwa nayo. Ukweli ni kwamba tulifurahi kidogo siku hizo mbili. Kumchukia mdogo mtu ni kazi rahisi.

Jumatatu hakufungua tableti. Alipiga simu moja kwa moja, saa tisa na nusu, kabla kipindi hakijaanza. Mama alipokea kwa uchangamfu wake wa kila siku, akauliza tumekula nini.

"Mama," Pasi akasema, "nimeongea na Baba mdogo wa cherehani."

Nikasikia mlango ukifungwa, wa mbao, mwepesi. Si ule wa chuma.

Pasi akamwambia asiogope. Akasema anajua kila kitu, anajua ni nani aliyefanya, na mama hana kosa. Alimwomba kitu kimoja tu: amwambie walimdanganya vipi ili ajue pa kuanzia. Alikuwa na daftari mapajani na kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko nimeshika kijiko, sijui cha nini.

"Hakuna aliyenidanganya, mwanangu," mama akasema. "Niliweka sahihi mwenyewe. Nani mwingine angeweka?"

Pasi akasema, "Ulisomewa?"

"Nilisomewa mara mbili. Ndugu yako alikuwa na shida, na mimi nilikuwa nalala peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vinne. Nikianguka nani ananiokota, wewe?" Kisha akaendelea kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Alisema watu walioko huko hawarudi. Wanasema tu. Na mimi miaka tisa nakusikia ukisema, mama. Sikudhani utarudi."

"Lakini nilikuambia nimemwambia msimamizi. Nilikutajia hata mwezi nitakaorudi."

"Uliniambia mwaka juzi pia."

Ni kweli, mwaka juzi alimwambia. Mwaka juzi alibaki ili amalizie vigae.

Pasi aliweka kalamu chini. "Wiki iliyopita uliniambia umekifagia chumba changu," akasema. "Wiki ile nyingine pia. Ulikuwa unafagia nini, Mama?"

Mama alichelewa kujibu, na safari hii haukuwa mtandao. "Ulikuwa unafurahi nikisema," akasema. "Ningekuambia nini?"

Nilitaka kuipokonya simu hiyo nimwambie bibi yule maneno ambayo hata leo nayakumbuka yote. Kama ni mtoto aliye karibu ndiye mtoto, sawa, aseme hivyo. Kama miguu inauma na usiku ni mrefu, aseme. Lakini kumfagilia mtu chumba kilichojaa kuku, kila jioni, kwa sauti tamu, miezi minne! Mdogo mtu aliuza nyumba tu. Huyu ndiye aliyeumaliza moyo wa mwenzangu, na alifanya hivyo kwa kumpenda, na mimi sijui mahakama ya kumpeleka mtu wa namna hiyo.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Kipindi kinakaribia. Hatuangalii?"

"Angalia na mwanao," Pasi akasema, akakata.

Asubuhi yake tulipofika kazini aliwasha mashine yake, akaiacha ipate moto, akaenda kugonga mlango wa msimamizi. Kupitia kioo nilimwona msimamizi akisimama kwa furaha na kuvuta droo. Pasi aliinama mezani, akaandika, hakusoma hata ukurasa mmoja. Aliporudi nilimuuliza ni mwaka mmoja au miwili. Akasema mitatu.

Nilimwambia amefanya haraka. Nilimwambia kule wakisikia, yule mdogo wake atakwenda kwa mama yao na kumwambia, si nilikuambia, huyu harudi. Pasi alivuta shuka la kwanza kutoka kwenye toroli na kutafuta pembe zake.

"Ndiyo," akasema. "Angalau Mama atakuwa hakukosea."