Nimeupa alama nane mvinyo ulioharibika

Leo nimejiaibisha mbele ya bosi.

Tulikuwa tunaonja chupa sita za mvinyo wa shamba moja la kusini mwa Ufaransa, tuchague za hoteli yetu.

Ya nne wenzangu wote waliitema. Mimi nilishaimeza na kuandika nane kwa kumi.

"Inanuka boksi lililolowa," bosi akasema. "Claudine, hukusikia?"

Jamani, tangu niugue homa kali sisikii harufu yoyote. Nilikuwa naficha, maana kuonja ndiyo kazi yangu.

Nikamwambia ukweli. Akanishika bega, kisha akachukua kalamu yangu ya kuandikia alama akampa mwenzangu.

Nikapitia soko la Kimironko, nikasimama kwenye dagaa wakavu, nikavuta pumzi.

Hakuna kitu.

Kuna mtu pua yake iliwahi kuanza kunusa tena? Niambieni, tafadhali.