Spoku Hakukaza

Nyumbani kwetu kitu chochote kikilegea tunasema, "Spoku hakukaza." Mguu wa meza ukiyumba, Spoku hakukaza. Kifungo kikidondoka, mpini wa sufuria ukizunguka, jino la mdogo wangu likitikisika, ni yeye yule. Nimekua nikisema hivyo nikidhani Spoku ni kama "fulani", mtu asiyekuwepo. Hata shuleni wanasema. Kumbe yupo, ana karakana ya mageti nyuma ya kituo cha mafuta, na aliyeuanzisha msemo huo ni shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Anashona sare za shule tatu, kwa hiyo nusu ya watoto unaopishana nao mtaani wamewahi kupimwa kiuno na yeye. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya bibi: mashine mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na gunia la vipande vya vitambaa ambalo paka amejimilikisha. Hajui kutulia. Hata akiwa hana kazi, mguu wake wa kulia unaendelea kukanyaga hewa, mezani, kwenye mkeka, kwenye foleni ya daktari. Bibi humuuliza kama hiyo sakafu anaishona. Baba, ambaye ni kaka yake, anasema amekuwa hivyo tangu alipoanguka.

Kuanguka kwenyewe nilikujua nusunusu. Juu ya bega lake pana nundu ndogo pale mfupa ulipounga vibaya, na ukimuuliza anasema ni baiskeli, kisha anakutuma dukani kuleta uzi.

Siku moja mwalimu wetu wa hesabu alikuja kupimwa suruali. Akiwa amenyoosha mikono, akamwambia shangazi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi vijana wanaanza mashindano ya baiskeli za mlimani, kutoka kwenye mnara wa simu hadi uwanjani, na wanataka wale sita wa kwanza, walioshuka mlima huo zamani, watangulie kushuka. Halafu akauliza, "Vipi Breki, ile ya kwako bado ipo, au umeigeuza ya kuanikia nguo?"

Sikuwahi kusikia mtu akimwita Breki. Sikuwahi pia kufikiri kwamba mwalimu wa hesabu amewahi kushuka chochote isipokuwa ngazi. Shangazi alimaliza kumpima, akamsindikiza mlangoni, akaiacha tepu ikining'inia shingoni na kwenda moja kwa moja stoo.

Baiskeli ilikuwa imetundikwa kwenye boriti, imefungwa shuka. Ilikuwa ya buluu, lakini buluu imebaki pembeni tu, kwingine ni kutu. Tairi zilikuwa zimekauka zikapasuka kama kisigino. Mkono wa kulia wa pedali, kile chuma kinachoshika pedali, ulikuwa na tundu lililoliwa ndani, na pedali yake haikuwepo. Ilikuwa kwenye kopo la maziwa, kwenye dirisha la stoo, imegandiana na grisi ya zamani.

Tulianza kazi uani, jioni kwa jioni. Mafuta ya taa kwenye beseni, msasa, mswaki uliochakaa. Mimi nilipewa mnyororo, na kwa kuwa mnyororo una pini nyingi na kila pini ilinipa nafasi ya kuuliza swali, shangazi alijikuta anasimulia.

Mchezo haukuwa na jina, alisema. Waliuita kushuka tu. Walichukua zile baiskeli nyeusi za mizigo, nzito kama kabati, wakazing'oa keria, madigadi na kengele, wakazisukuma mlimani saa nzima na nusu ili washuke dakika sita. Breki zake hazikufaa kitu, kwa hiyo wengine walikanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kiatu. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele hapo karibu, akadakia kwamba mwaka ule vijana wa mtaa mzima walikuwa na viatu vya kushoto vizima na vya kulia vimekwisha, na hakuna mzazi aliyeelewa ni ugonjwa gani. Shangazi hakukanyaga tairi. Wakamwita Breki kwa sababu hakuwa nayo.

Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba aliyezitengeneza zote. Aligonga spoku, zile waya za gurudumu, mojamoja kwa ukucha, sikio karibu na gurudumu, akajua ipi imelegea. Ndiye aliyeitwa Spoku.

"Spoku yule wa hakukaza?" nikauliza.

"Yule yule," akasema, akaingia ndani kutafuta msasa uliokuwa mkononi mwake.

Sehemu iliyobaki niliipata kwa vipande. Mpima ardhi aliyekuja kupima njia ya nguzo za umeme aliwaona wakishuka, akashangaa hawajafa. Alipohama aliwaachia baiskeli yake ya mlimani, hii hii ya buluu, ya kwanza kuonekana pale, yenye gia na tairi za meno, ikiwa vipande ndani ya boksi. Spoku aliiunganisha kwa siku mbili. Ikapigwa kura ya nani aipande kwenye shindano lao la kwanza, ikamwangukia shangazi. Watu walijipanga njia nzima. Alikuwa mbele, amebakiza kona mbili, pedali ya kulia ikachomoka. Aliamka hospitalini, watu wamezunguka kitanda wanauliza imekuwaje, naye akajibu kwa maneno mawili: Spoku hakukaza. Asubuhi ya shindano kila mtu alikuwa amemwona Spoku na spana kwenye pedali ile. Maneno yakatoka nje ya wodi kabla yake.

Nilimuuliza kama Spoku alikataa. Akasema hapana, hakusema lolote, na ndiyo maana watu waliamini. Baada ya miezi michache hakuna aliyempelekea baiskeli. Akafunga kijibanda chake.

Siku ya nne nilikuwa nasugua ile pedali ya kwenye kopo. Grisi ilipotoka, kwenye ncha ya chuma chake ikajitokeza herufi.

"Shangazi, hii ilikuwa upande gani?"

"Kulia. Si ndiyo iliyochomoka."

"Mbona imeandikwa L?"

"L ya kulia," akasema, akiendelea na fremu.

Nilicheka, nikidhani ananitania.

"L ni lefti, shangazi. Hii ni ya kushoto."

Mguu wake ulisimama. Sikuwa nimewahi kuuona umesimama. Akaichukua pedali, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akapiga magoti kuitazama ya kushoto iliyokuwa bado imeng'ang'ania baiskeli. Nikaifuta kwa kidole. Ilikuwa R.

Ndipo akaniambia lile ambalo hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu mpaka jioni ile hakuona kama ni jambo. Pedali hakuzifunga Spoku. Alikuwa amemaliza vyote, amebakiza hizo mbili, akaenda kula. Shangazi akashindwa kungoja. Aliona L, akaona kuLia, herufi ipo palepale. Ya kushoto nyuzi zake za skrubu zinakatwa kinyume, kila fundi baiskeli anajua, lakini yeye alikuwa mpandaji, si fundi. Ilipokataa kuingia akapitisha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Ikaingia kwa kulitafuna tundu. Asubuhi ya shindano Spoku aliikagua tu, na ilipochomoka shangazi akaamini ni yeye hakuikaza vya kutosha.

Siku mbili zilizofuata aliharibu kazi kuliko mwaka mzima. Sketi tatu alizitia zipu upande usio wake. Alikata kola ikawa ndogo kuliko shingo ya mtu yeyote aliye hai. Aliondoka duka likiwa wazi, akarudi, akaondoka tena. Bibi akaniuliza pembeni kama kuna mwanamume. Nikamwambia kuna herufi.

Tundu lile lilihitaji kupanuliwa, kutiwa bushi, yaani kipete cha chuma cha ndani, na kukatwa nyuzi mpya, na baba alishasema mtu wa kazi hiyo ni mmoja tu. Alhamisi shangazi aliufunga mkono wa pedali kwenye gazeti, akanipa niubebe, akatembea mbele yangu mbio mbio kama anayefukuzwa.

Karakana ilikuwa na mageti yameegemezwa pande zote, mengine yana maua ya chuma, mengine simba. Mwenye karakana akavua miwani ya kuchomelea. Hakuwa mwembamba tena.

"Breki," akasema.

"Spoku."

"Hilo jina watu hulitumia nikishageuka."

Shangazi aliweka pedali mezani bila salamu nyingine. Yule bwana akaipangusa kwa kidole gumba, akaisoma, akanyoosha mkono kwangu, nikampa gazeti. Akalifungua, akapitisha ncha ya kidole ndani ya tundu.

"Nani aliifunga?"

"Mimi. Ulipokwenda kula."

"Na R ulidhani ni nini?"

"Sikuidhani. L ilikuwa kulia, basi R ikabaki."

Kijana aliyekuwa anapaka rangi geti akacheka. Spoku hakucheka. Alisema, taratibu, kwamba asubuhi ile aliigusa pedali akaiona ngumu isivyo kawaida, na bado akaiongeza nusu mzunguko. Ilipochomoka alijua ni ile nusu. Mji mzima unasema hakukaza, yeye peke yake anajua amekaza kupita kiasi, sasa ajitetee vipi? Aseme amekosea, ila si hivyo wanavyodhani? Akaacha spana, akajifunza kuchomelea.

"Ukishachomelea," akasema, "hakuna cha kukaza."

Spoku akauviringisha mkono wa pedali kwenye gazeti lake, akauweka rafuni.

"Huu utakuwa tayari kesho. Lakini mimi ulinisemea maneno mawili. Jumamosi nataka mawili mengine, mbele ya walewale."

Hapo ndipo nilipoona shangazi anavyoweza kuhangaika. Maneno mawili. Aliyatafuta akikanyaga mashine, akiandika kwa chaki ya kukatia juu ya kitambaa cha sare na kufuta. Samahani Spoku. Akasema hilo ni la kusema ukimkanyaga mtu. Breki alikosea. Hilo halisemi kosa gani. Bibi akapendekeza "Breki mjinga", akaambiwa asante mama. Mimi nikasema labda "L kushoto", akaniangalia mpaka nikarudi kwenye mnyororo wangu. Usiku wa kuamkia Jumamosi baiskeli ilikuwa imekamilika, tairi mpya, mkono wa pedali umerudi, pedali mpya za L na R alizozifunga mwenyewe huku akinisomea herufi kwa sauti. Maneno hayakuwepo.

Juu kwenye mnara kulikuwa na upepo na vijana kama arobaini wenye kofia ngumu. Kati ya wale sita wa zamani walifika watano. Mwalimu wa hesabu alivaa suruali ambayo shangazi hakuimaliza vizuri. Spoku alifika mwisho, kwa miguu, na nguo za kazi, akasimama pembeni.

Shangazi hakuombwa kuzungumza. Aliishika hendeli, akasimulia yote kwa haraka, boksi, chakula cha mchana, herufi, bomba la maji, nusu mzunguko. Vijana walianza kucheka kwenye L, kisha wakaacha. Mwalimu wa hesabu alitazama viatu vyake. Shangazi akamgeukia Spoku.

"Breki hakuuliza," akasema.

Spoku aliyasikiliza kama anavyosikiliza gurudumu. Halafu akatoa spana kwenye mfuko wa nyuma, akapiga magoti, akaijaribu pedali ya kulia, akazunguka, akaijaribu ya kushoto. Hakuiongeza hata kidogo.

"Shuka," akasema.

Alishuka. Nilimwona mpaka kona ya kwanza, nundu ya bega mbele, kisha vumbi. Waliokuwa chini wanasema hakugusa breki hata mara moja, ingawa safari hii zilikuwepo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumatatu tulipita sokoni kununua vifungo. Meza ya muuza vitunguu ikayumba, vitunguu vitatu vikaviringika, naye akasema, bila kumfikiria mtu yeyote, "Spoku hakukaza." Shangazi alikuwa ameshapita. Akarudi. Akaweka kikapu chini, akamwambia, "Kaka, ngoja nikueleze," akaanzia kwenye zile baiskeli nyeusi. Kesho yake ilikuwa kwa kinyozi. Juzi ilikuwa kwa mtoto wa darasa la pili aliyekuja kupimwa, jino lake likitikisika. Mji ni mkubwa na kila mtu anausema huo msemo. Siku hizi tunachelewa kila tunakokwenda.