Niliificha Antena, Nikajisahau

Chekeni, lakini mjue mtambo wangu ulifanya kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora. Nilibuni koti la vipande vya shaba la kuivika antena: mawimbi ya rada yanaizunguka na kupita kama haipo, huku yenyewe ikirusha sauti kama kawaida.

Siku ya maonyesho niliiweka antena darasani, kipaza sauti kikiwa kifuani kwangu, na spika uwanjani kwa wageni. Mwenzangu wa hesabu akapitisha rada yetu ndogo darasa zima, haikuona kitu. Kichwa kikanivimba.

“Na mgongo wako unaendeleaje?” akaniuliza.

“Mgongo gani! Nilimdanganya mama mkwe nisiende kumlimia karanga. Sisi wasomi tushike jembe?”

Nje vicheko vikalipuka. Nikajua wanashangilia ugunduzi, nikatoka nikipunga mkono.

Mstari wa mbele alikaa mama mkwe, aliyetoka Puge kuja kunipongeza. Akageuza uso pembeni, kama heshima ya wakwe inavyotaka.

“Baba,” akasema taratibu, “tumshukuru Mungu, mgongo umepona. Jembe lako lipo, linakusubiri.”