Wino Mwekundu wa Shemeji

Zamani insha ya chuoni ilikuja inanuka jasho la mwenyewe. Siku hizi inatoka kwenye simu imeshaoga, imechana nywele, wala haijui imezaliwa na nani.

Nasema haya kwa sababu ya shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Miaka ishirini na sita alifundisha uandishi wa insha za kitaaluma kwa Kiingereza, katika chuo ambacho mimi nilikuwa nikitia vitabu majalada. Shule niliiacha darasa la nne. Kiingereza changu nilikiokota kwenye insha zilizotelekezwa kwenye karakana yangu ya majalada, nikifuata wino wake mwekundu pembeni mwa kurasa kama kuku afuatavyo punje.

Hakuwa mpole. Mwanafunzi alisimama mbele ya meza yake akasoma insha kwa sauti, naye akimkatisha: hapa anasema nani, wewe au kitabu? Aliyebabaika alirudi kuandika upya. Wakambandika jina, Bi Nani. Alijua, akacheka.

Kisha chuo kikaleta roboti ya maongezi ya kuwasahihishia wanafunzi rasimu. Ili ifuate desturi ya chuo, ilibidi ilishwe insha zilizokwisha kusahihishwa. Masanduku manane ya insha alizosahihisha shemeji yalikuwa kwangu karakana. Nilizipiga picha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wiki tatu, nikijiona fundi wa mambo makubwa.

Darasa likafika watu mia mbili. Kusoma kwa sauti kukafa, saa hazikutosha. Shemeji alinitania kwamba amepata mke mwenza asiyekula wala kulala.

Utani ulikatika alipopokea insha ya binti wa fundi cherehani, kuhusu visima vya maji. Alinijia karakana, akaiweka mbele yangu.

"Shemeji, soma. Unamsikia nani?"

Nilimsikia yeye. Yeye wa ujana, kaka akiwa hai: sentensi fupi mbili, kisha moja ndefu inayozunguka na kurudi kukushika shati. Alisema ni kama kupita dirishani kwako ukasikia mtu ndani anazungumza kwa sauti yako.

Hakumwita binti amuulize. Aliipeleka insha kwenye kamati akisema imeandikwa na mashine. Binti akasimamishwa mwaka mzima, na nafasi yake ya kusomeshwa bure akapewa mwingine.

Wiki mbili baadaye mama yake, yule fundi cherehani, alimjia shemeji na madaftari. Rasimu kumi na moja, zote za mkono. Pembeni, kwa penseli, binti alikuwa amenakili kila swali la roboti. Chini yake akajibu, akafuta, akajibu tena. Maswali yalikuwa ya shemeji, neno kwa neno, hata lile alilomwandikia kaka yangu alipokuwa mwanafunzi wake wa jioni, kabla hajamposa: unaogopa nini kusema ulichokiona?

Fundi cherehani hakugomba. "Mwanangu kafundishwa na wewe, Mwalimu," alisema. "Sasa kosa lake ni kuelewa?"

Tangu siku hiyo shemeji alianza kusema nusu sentensi na kunyamaza, kama anayesubiri kusikia nani ataimalizia. Mimi niliyepiga zile picha nilikaa naye, sikuthubutu kuimalizia.

Alirudi kwenye kamati akakiri. Walichukua miezi minne kuandika barua ya kumrudisha binti. Kuhusu nafasi ya bure, walisema imeshakwenda, wakamtakia heri.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja ilikuwa kwenye kibanda cha ushonaji. Nilimsindikiza shemeji mpaka mlangoni. Binti alikuwa akimpima bwana mmoja koti, pini zimemjaa mdomoni. Shemeji akamnyooshea binti barua ya kamati. Binti hakuipokea, wala hakuikataa. Aliandika vipimo kwa chaki juu ya kitambaa, akatoa pini moja moja mdomoni akizichomeka begani mwa koti, mpaka zikaisha.

"Mwalimu, mteja anasubiri," alisema kwa adabu.

Mama yake akavuta kiti. Shemeji hakukaa. Aliiweka barua kwenye meza ya kukatia, akaikandamiza kwa mkasi isipeperuke, akabaki amesimama pale. Nikaenda zangu nikawaacha, na yule bwana katikati yao kanyoosha mikono, hajui aishushe lini.