Teke Lililoshuka

Nilipokuwa kijana, teke langu lilifika kichwani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mashahidi wapo hapa Butembo, na wawili kati yao wanatafunia meno ya bandia. Miaka ikapita, likafika mbavuni. Baada ya ndoa na watoto, likafika pajani. Lilikuwa likishuka kidogo kidogo, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na watu wote waliliona isipokuwa mimi.

Mchezo wetu ni mapigano ya kuchanganya: ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini. Tunacheza juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa na kufunikwa turubai, ndani ya ukumbi wa mbao karibu na soko. Ukianguka pale utanuka kahawa mpaka Jumapili, na padri atajua ulikokuwa.

Klabu yetu na ile ya Beni zina desturi moja. Kila mwaka tunapokutana, kabla ya vijana kuanza, wazee wawili wanapigana dakika tatu, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Tunaiita kufungua magunia. Kwa Butembo mfunguaji ni mimi. Kwa Beni ni rafiki yangu, Mwislamu mwenye lori, anayebeba viazi vyangu kutoka Musienene hadi Beni, na hata Eringeti siku ambazo njia iko wazi. Tuko rika moja. Na mwaka baada ya mwaka alikuwa akinitupa chini kabla watu hawajamaliza kutafuta pa kukaa.

Yeye alibadilika mapema. Ujanani alikuwa mtu wa ngumi, haraka kuliko macho. Magoti yalipoanza kumsumbua kwa kukaa sana kwenye usukani, aliacha kurukaruka. Akajifunza kusimama karibu, kukumbatia, kuegemea, kungoja. Nilimcheka mbele za watu, nikamwita kupe. Najuta kicheko kile, maana kupe alikuwa anashiba na mimi nilikuwa nanuka kahawa.

Safari ya mwisho niliyoanguka hivyo, prezida, yaani mwenyekiti wa klabu yetu, aliniita kando. Ni binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kukunja ngumi.

"Papa, tunakuheshimu," alisema. "Lakini mwaka kesho ukianguka tena mbele ya dakika moja kuisha, itakuwa mwisho. Utaikala na bageni kule kwa viti. Utapatia batoto medali."

"Medali tu?"

"Na soda."

Waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka nao. Nyumbani sikucheka. Kwenye viti vile wanakaa watu wenye koti zuri, ambao hakuna tena anayetaka kuwapiga.

"Sisi bote tutaikala kwa kiti siku moja," mke wangu aliniambia, akichambua maharagwe.

"Hapana sasa," nikamjibu.

Kwa hiyo siku moja lori lilipokuja kuchukua viazi, nilipanda mbele, karibu na rafiki yangu, tukashika njia ya Beni. Nilimuuliza bila kuzunguka.

"Ndugu, unanitupaka namna gani?"

Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Unaomba mutu mwenye anakupigaka akufundishe kumupiga?"

"Nitauliza nani? Batoto banaruka tu kama panzi."

"Na unajua tangu wakati gani niko nangoja uulize?" alisema, na safari hii hakucheka.

Nilitazama nje. Miaka yote ile jibu lilikuwa kwenye lori lililobeba viazi vyangu, na mimi nilikuwa nalipungia mkono tu likiondoka.

Uani kwake, baada ya sala ya alasiri, alitandika turubai la lori chini akavua viatu.

"Bega yako njo inakusengenyaka," alisema. "Inapanda kwanza, muguu inafuata. Nikiona bega, najua teke inakuya. Naingia, nakamata muguu, bas."

"Sasa mi nifanye nini?"

"Unikamate. Uniegemee, mi njo nibebe uzito. Nabebaka viazi yako kila siku, nitashindwa kukubeba weye?"

"Na teke?"

"Teke uache. Ni ya batoto."

Kila viazi vilipokwenda Beni, nami nilikwenda. Nilijifunza kuweka kifua begani kwake na kupumua kwa pua. Binti zake walikuwa wakipita na ndoo za maji wakiuliza kama wazee wanatoka harusini, maana tulishikana kama walevi wawili wanaosaidiana kufika nyumbani.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kabla hata hatujasogeleana, watu walianza: "Teke! Muzee, teke!" Kelele hizo ndizo zilizokuwa zikinitupa chini miaka yote, kuliko mikono ya rafiki yangu. Nikizisikia, lazima nipige. Safari hii niliuma meno, nikaingia karibu, nikamkumbatia.

"Balilala!" mtu alipiga kelele. "Mubapatie blanketi!"

"Hapana kubaamusha!" mwingine akajibu.

"Pumua," rafiki yangu alininong'oneza.

"Napumua."

"Hapana vile. Kwa pua."

Dakika ya kwanza ikapita. Nilijua kwa sababu prezida wetu alisimama, akapiga makofi peke yake. Ya pili ikapita. Nilikuwa bado nimesimama, na kile kiti kilikuwa kinazidi kwenda mbali.

Mwishoni kabisa rafiki yangu aliachia mikono, akarudi nyuma hatua. Nilimjua: alikuwa ananifungulia mlango ili nipige teke, anikamate. Nilijua, na bega likapanda lenyewe. Naye akaja, mikono juu, tayari kuudaka mguu kifuani.

Mguu haukufika kifuani. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa ujanja wangu, lakini nilikusudia mbavu kwa moyo wote. Mguu ulikwenda pale miaka yake inapofika: kwenye kifundo cha mguu wa rafiki yangu, wakati anakanyaga. Akakaa juu ya maganda ya kahawa kama mtu aliyekaribishwa chakula.

Ukumbi ukalipuka kwa kelele.

"Nilikungoja juu!" alisema kutoka chini, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Na mi nilikuwa nakuya juu!"

Tulikuwa bado tunacheka, mkuu wa klabu ya Beni alipomwita kwa kazi yake ya udereva: "Shofere! Mwaka kesho weye kwa kiti!" Alisema kwa mzaha, lakini rafiki yangu aliacha kucheka. Aliangalia viti vile, na uso wake nikautambua. Ulikuwa uso wangu wa mwaka uliopita.

Nilimshika mkono, nikamsimamisha.

"Kama huyu anaikala, na mi naikala," nikasema kwa sauti.

"Papa," prezida wetu alishangaa, "si njo ulitaka kubakia?"

"Nilitaka kupigana. Nitapigana na nani? Na soda?"

Wakuu wawili walitazamana, wakainua mabega. Mwaka mmoja tena, kwa wote wawili, halafu wataona.

Juma lililofuata lori lilikuja Musienene. Kabla hajapakia hata gunia moja, rafiki yangu alifunga mlango na kukunja suruali.

"Haya, unifundishe ile teke."

"Haina kitu," nikamwambia. "Kusudia kichwa. Kazi ingine yote, uzee utaifanya."

Alikaza macho kwenye gunia la juu kabisa, bega likapanda, akapiga kwa nguvu zake zote. Gunia la chini likatoa vumbi.