Shemeji Mwenye Majina Mawili

Shemeji yangu Leng Moua alisoma chuo cha miaka miwili kwa miaka sita. Mimi ndiye niliyeanza kuligeuza jambo hilo kuwa utani, na nakiri kwamba niliutumia utani huo mpaka ukachakaa. Kila alipopita kwangu na mkoba mgongoni nilimuuliza kama bado hawajamfukuza. Naye, mtu mpole, alijibu kwamba wakimfukuza, nani atawaonyesha walimu wapya vyoo viko wapi.

Chuo chenyewe ni kile cha jamii hapa mjini Fresno, kisichomkataa mtu. Unasoma miaka miwili ya mwanzo pale, ukifaulu vizuri unahamia chuo kikuu cha umma kumalizia. Ndivyo kinavyosema kipeperushi. Kipeperushi hakisemi kwamba fizikia unayoihitaji hufundishwa mara moja kwa mwaka, tena saa ileile ambayo wewe uko kiwandani unatengeneza mashine za kupakia lozi. Wala hakisemi kwamba ukishamaliza hesabu uliyoambiwa usome, utakuta chuo kikuu kimebadilisha orodha yake na sasa kinataka nyingine. Leng alirudia kemia mara mbili. Alikuwa akisomea ndani ya gari kwenye maegesho ya kiwanda, kitabu amekiegemeza kwenye usukani, mkono mmoja unamega wali wa kunata. Alitaka uhandisi wa maji, katika chuo kikuu kilichoko mwendo wa saa tatu kwa gari upande wa kaskazini. Idara ile, katika kila kumi wanaoomba kuhamia, huchukua wawili.

Mdogo wangu Bao ndiye mkewe. Walioana wakiwa wadogo, bila ya Baba kuridhia vizuri, na Baba si mtu wa kusahau. Sisi Wahmong, tuliofika nchi hii kama wakimbizi, tuna desturi: mwanamume akishaoa na kupata mtoto, wazazi wa mke humpa jina la utu uzima. Neno moja huwekwa mbele ya jina lake la utotoni, nguruwe huchinjwa, wazee humfunga nyuzi nyeupe mkononi, na mizimu ya pande zote mbili huambiwa. Tangu siku hiyo, kumwita kwa jina la utotoni peke yake ni kumvunjia heshima. Wenzake Leng walipewa majina yao baada ya mtoto wa kwanza. Leng alipata wa kwanza, wa pili na wa tatu, na Baba kimya. Kwenye sherehe za ukoo aliendelea kuitwa Leng tu, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, akitumwa kumimina vinywaji pamoja na vijana wasiojua kunyoa. Nilimwona akimimina. Iliniuma, lakini sikusema kitu, maana kwa Baba hata mimi ni mwoga.

Kilichomlainisha Baba ni kisima. Baba amekodi shamba mashariki mwa mji, analima mchaichai, karela na maharage marefu ya sokoni. Kiangazi kile cha ukame, pampu ilianza kutema hewa. Watu wote wakamwambia kisima kimekufa. Leng alikuja na uzi wenye kokoto mwisho wake, akaushusha kisimani, akaandika tarakimu nyuma ya bahasha, akakaa juu ya ndoo akizipigia hesabu, kisha akasema maji yapo, yameshuka tu, na pampu ishushwe mita kumi na mbili. Wakaishusha. Maji yakaja. Baba hakusema ahsante, lakini jioni ile alimuuliza Bao huyu mumeo anasoma nini hasa.

Novemba, siku ya Jumamosi, miaka kumi na moja baada ya harusi, Baba akampa jina. Nhia Leng. Nyumba ya Bao ilijaa watu mpaka barabarani. Shemeji alipiga magoti mbele ya wazee, nyuzi zikamjaa kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, na machozi yakamtoka bila aibu.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba kuhamia chuo kikuu. Insha alikuwa ameshaandika, masomo yote ameyaorodhesha, umebaki ukurasa wa kwanza tu wa ile fomu ya mtandaoni. Mimi nilikuwa pale jikoni kwao nikigawa viporo vya nyama. Akaniita.

"Dada Youa, hapa wanataka jina kamili. Niandike lipi?"

"Jina lako kamili ndilo hilo ulilopewa jana," nikamwambia. "Au unataka Baba achinje nguruwe mwingine ndiyo uamini?"

Akacheka, akaandika Nhia Leng Moua, akabonyeza. Nyuzi bado ziko mkononi.

Sasa, jina la utu uzima si lazima liingie kwenye karatasi za serikali. Wengine hulipeleka mahakamani likaandikwa kwenye leseni, wengi hatujisumbui. Leseni yake ilisema Leng Moua. Chuo cha jamii kilimjua kama Leng Moua kwa miaka sita. Mtu yeyote aliyetulia angeliona hilo. Lakini pale jikoni hakukuwa na mtu aliyetulia, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote.

Aprili akakubaliwa. Bao alipiga simu akilia hata nikadhani kuna msiba. Leng mwenyewe alitoka nje akaanza kumwagilia bustani ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa. Mei akamaliza mitihani, Juni akamwambia msimamizi wake kiwandani kwamba Septemba hatakuwepo, watoto wakaanza kubishana nani atachukua dawati lake.

Julai, Jumanne asubuhi, ikaja barua pepe. Chuo kikuu hakijapokea karatasi ya mwisho ya matokeo ya mwombaji Nhia Leng Moua. Isipopatikana kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni, nafasi yake inafutwa.

Leng akakimbilia chuo cha jamii. Wakamwonyesha: tumeituma tangu Juni. Akapiga simu chuo kikuu, akasubiri muziki ukipigwa kwenye simu karibu saa nzima, mpaka akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Mama yule alitafuta, akatafuta, halafu akaelewa. Karatasi wanayo, ya Leng Moua, imewekwa kando kwa sababu hakuna mwombaji wa jina hilo. Alijitahidi kumsaidia, sitamsingizia. Akasema njia ni mbili. Ama alete hati ya mahakama inayoonyesha kwamba Nhia Leng ni jina lake, na mahakama huchukua miezi, ama asaini fomu fupi tu, nafasi itatengemaa.

Fomu ile niliisoma mwenyewe. Ilisema: ninatamka kwa kiapo kwamba jina Nhia Leng Moua liliandikwa kwa makosa, na kwamba si jina langu.

Leng hakusaini. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Bao aliongea naye kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaacha kuongea kabisa, ikawa masufuria ndiyo yanayoongea. Nilipofika Jumatano saa sita mchana alinivuta nje akaniambia kwamba kwa miaka sita amelala na mtu anayeota hesabu, na kama yote hayo yatapotea kwa ajili ya neno moja, yeye hajui atamtazamaje mtu huyo mezani. Nikaingia ndani nikamkuta shemeji ameshika tama mbele ya ile fomu. Nikajaribu utani, ukanikauka mdomoni. Nikamwambia basi, hiyo ni karatasi tu.

"Si karatasi, Dada, ni kiapo," akasema. "Nimelisubiri jina hili miaka kumi na moja. Mizimu ya kwenu na ya kwetu imeitwa, imekula. Leo niape kwamba si langu? Nitamtazama vipi Baba?"

Nikarudi kwangu nikijua kwamba wao wanagombana na mwenye kosa ni mimi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda shambani. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, kiangazi sina kazi. Baba alikuwa anakata mchaichai, amejifunga kitambaa kichwani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na lile la jikoni kwamba ni mimi niliyemwambia Leng aandike vile. Nilitegemea kufokewa. Baba alifunga kwanza fungu alilokuwa nalo, akafunga la pili, akaniuliza hiyo fomu mwisho wake lini. Nikamwambia kesho. Akasema nimpeleke.

Tulimkuta Leng nyumbani, zamu yake huanza saa nane mchana. Alimwona Baba mlangoni na buti zake za matope, akasimama wima. Bao alileta maji. Baba hakuyanywa, aliomba asomewe fomu, neno kwa neno, kwa Kihmong. Bao akasoma. Alipofika kwenye "si jina langu" sauti ilimpungua.

"Mkwe," Baba akasema, "mimi nimezaliwa lini?"

Leng akasema, kwenye karatasi ni tarehe mosi Januari.

"Mama yangu alinizaa wakati wa kuvuna mpunga. Kule kambini Thailand karani hakuwa na muda, akaandika mosi Januari. Mama mkwe wako, mosi Januari. Kaka yangu, mosi Januari. Kambi nzima tulizaliwa siku moja. Na siku ya kuchukua uraia wa nchi hii niliinua mkono nikaapa kwamba ni kweli. Unadhani mama yangu amenikana?"

Bao alicheka kidogo, akajizuia. Leng hakucheka.

"Baba, hiyo ni tarehe. Hili ni jina ulilonipa wewe."

"Nilikupa mbele ya nani?"

"Mbele ya wazee. Mbele ya mizimu."

"Hao wa chuo walikuwepo? Walimla nguruwe?"

"Hapana, Baba."

"Basi hawakulitoa, na hawawezi kulichukua. Waambie wanachotaka kusikia, wakupe kiti ukae."

Leng alibaki ameinamisha kichwa. Baba alivua kile kitambaa, akakikunja juu ya goti, akakikunja tena. Sijawahi kumwona Baba akitafuta maneno, na nilitamani niondoke nisimwone.

"Ningekupa kwa wakati wake," akasema, "ungekuwa umelizoea, usingelikimbilia vile kwenye fomu ya watu. Nilikuchelewesha kwa sababu ya kiburi changu. Kosa la hapo ni langu. Usinifanye nikose mara mbili. Saini, Nhia Leng."

Nakumbuka kwamba Bao aligeukia sinki akafungua bomba bila ya kuwa na chombo cha kuosha. Shemeji alichukua kalamu. Alisaini kwamba Nhia Leng si jina lake, na Baba akiwa ameegemea kwenye bega lake kuhakikisha kwamba amesaini kweli, ingawa hajui kusoma hata herufi moja ya Kiingereza. Tukaipiga picha, tukaituma. Leng akaenda kazini, Baba nikamrudisha kwenye mchaichai wake.

Jumatatu yule mama mwenye sauti ya upole alipiga simu mwenyewe. Nafasi imerudi. Alimwita Leng, na Leng akaitika.

Septemba akaenda kaskazini, akapanga chumba na Wahmong wawili wanaomzidi makelele, naye akiwazidi umri kwa miaka kumi na mitatu. Hurudi mwisho wa wiki mara mbili kwa mwezi, amekonda, na anasema wenzake darasani ni wepesi mno, kwamba kwenye mtihani wa kwanza alipata alama ambayo hataki kuitaja. Amebaki. Ya mtihani wa pili aliitaja.

Mwezi wa kumi, Jumamosi, nilipita sokoni kwenye meza ya Baba kuchukua karela. Nikamkuta amevaa shingoni, juu ya shati lake la shambani, kitambulisho cha mwanafunzi cha chuo kikuu chenye picha ya shemeji. Alikuwa amekiazima tangu asubuhi, na shemeji mwenyewe amekaa nyumbani akisubiri kurudishiwa. Mzee mmoja wa ukoo wa Xiong alikuwa amekishika, amekisogeza mbali na macho yake ili aone vizuri, akisoma herufi moja moja. Akauliza mbona imeandikwa Leng tu, kama mtoto.

"Wamekosea," Baba akasema, huku anampimia pilipili. "Chuo kikubwa namna ile, kuandika jina la mtu hawajui. Lakini mtu ndiye huyo."