Sindano ya Deo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, msimu wa mpunga tulihamia kwenye kibanda cha shambani, nje ya Namawala. Asubuhi moja, nikiwa naamia ndege wasile mpunga, nilimsikia mama akipiga yowe. Mdogo wangu Deo, wa miezi minane, alikuwa amekakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka juu. Degedege.

Kwetu iliaminika kwamba ndege fulani akipita juu ya mtoto humwachia ugonjwa huo, na kwamba sindano ikimkuta ndege bado yumo mwilini mwake, mtoto hufa. Bibi, mama yake baba, alichoma mavi ya tembo, akamfukiza Deo chini ya kanga. Mtetemeko ukakoma, lakini mwili ulikuwa moto vilevile.

"Mama, naomba nimpeleke zahanati," mama akamwambia.

Bibi akaiondoa kanga. "Mpeleke. Lakini asichomwe mpaka nithibitishe ndege katoka. Skola, nenda nao. Wakitoa sindano, sema bibi kakataa."

Masanja, jirani yetu mfugaji, akampakia mama kwenye baiskeli na mtoto mgongoni. Mimi nilikimbia nyuma yao katikati ya majaruba ya mpunga, matope hadi magotini.

"Kazana, we katoto!" Masanja alipaza sauti. "Ng'ombe wangu mzee anakushinda!"

Nilicheka huku nalia. Sijawahi kukimbia vile tena.

Kufika zahanati, nesi akaandaa sindano. Mama akamfunika Deo kwa mikono yote miwili.

"Mama Skola, tunachelewa," nesi akasema.

Mama akanigeukia. "Bibi yako alisemaje tulipotangulia? Kathibitisha?"

Deo alikuwa na kawaida ya kunibana kidole kila nikimgusa. Niliweka kidole kwenye kiganja chake. Hakukibana.

"Kasema achomwe," nikajibu. "Ndege katoka."

Siku ya tatu tulirudi, Deo akinyonya kwa fujo. Mama akampigia bibi goti. "Asante mama, kwa kuruhusu sindano."

Bibi aliniangalia mpaka nikatamani kurudi kuamia ndege wangu. Kisha akasema, "Ndiyo, niliruhusu. Kumbe huyu ana masikio, nilidhani ana mbio tu."

Tangu siku hiyo, kila mama aliyemletea mtoto wa degedege, bibi alimwambia akimbilie zahanati, na sindano haina neno. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona watoto wakichomwa na kufa palepale, bila mtu wa kumweleza kwamba walifikishwa wamechelewa. Miaka mingi nilijiona shujaa kwa uongo wangu. Sasa naona wa bibi ulikuwa mzito zaidi: aliweka chini jambo alilolishika maisha yake yote, mbele ya mkwewe, ili mimi nisiaibike.

Wiki iliyopita Deo alinipigia simu kutoka kliniki ya Viwanja Sitini, alikompeleka binti yake kuchanjwa.

"Dada, analia huyu, mpaka mimi nataka kulia! Nifanyeje?"

"Mpe kidole," nikamwambia.

Mara akacheka kwa nguvu. "Kakibana!"